Ukipewa Koloni: Mwongozo kwa Waziri Asiyejua Yatakayomkuta

Hongera kwa uteuzi, Mheshimiwa Waziri. Umekabidhiwa Wizara ya Makoloni, ofisi yenye zulia zito na dirisha la kutazamia mvua ya London, na ukutani ipo ramani yenye mabaka mekundu kila pembe. Weka kidole pale Kenya. Mwendo wa wiki kadhaa kwa meli utawakuta Wazungu wenzako wasiofika 10,000, wote wakimpenda Mfalme kupita kiasi. Hao ndio watakaokunyima usingizi. Wenyeji milioni mbili na ushei wasikutie hofu. Malalamiko yao hayafiki mezani kwako.

Mwongozo huu umechelewa miaka mia hivi kukufikia, lakini barua za makoloni ndivyo zilivyo. Usome kabla hujafungua bahasha ya kwanza kutoka Nairobi.

Usije ukadhani kwamba mlowezi anaichukia serikali. Anaipenda, mradi ibaki pale alipoiweka. Reli iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901 ilimeza zaidi ya pauni milioni tano za walipa kodi wa Uingereza, na hakuna setla aliyelalamika kwamba London inajiingiza mno katika mambo ya Afrika. Askari nao wakapokelewa vizuri. Ardhi ndiyo usiseme. Kwa sheria ya 1902 walikodishiwa kwa miaka 99, na Lord Delamere peke yake akapata ekari 100,000 kule Njoro. Miaka 99 ikaonekana michache. Wakanung'unika, wakaandika, wakatuma wajumbe, na mwaka 1915 wakapewa miaka 999, yaani hadi karibu na mwaka 2914. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni alipewa jembe siku ya kwanza kabisa, akamkabidhi mwenye nyumba.

Basi hapo pa jembe ndipo utakapoteleza. Usithubutu kuuliza linashikwa na nani, kwa ujira gani, na kwa hiari ya nani. Gavana Hayes Sadler alijaribu mwaka 1908 kulegeza kanuni za kupata vibarua. Delamere akawaongoza wenzake hadi nyumbani kwa Gavana, wakapiga kelele kumtaka ajiuzulu. Delamere akasimamishwa ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kisha akarudi kama mtu aliyetoka likizo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Ewart Grogan, kiongozi wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Zingatia mahali alipopachagua: mlangoni pa mahakama. Alikuwa anaiandikia London barua bila kutumia wino.

Kuhusu kodi, utaletewa habari za Boston. Kila setla anajua kwamba Wamarekani walimwaga chai baharini mwaka 1773 kwa kukataa kutozwa kodi wasiyoipigia kura, na kila setla hujiona ni mjukuu wao. Usihangaike kuwajibu kwa kuwapa kura. Mwaka 1920 walipata wajumbe 11 wa kuchaguliwa. Kodi ya mapato ilipoletwa, wakaikataa vilevile, na kufikia 1922 ikafutwa. Haikurudi hadi 1937. Pengo halikukosa wa kuliziba. Kodi ya kibanda ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16 kwa Mwafrika, ambaye hakuwa na kura, hakuwa na mjumbe, na hangempata mjumbe Mwafrika barazani hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Waliotozwa kodi bila kura hasa ndio waliosahaulika katika hizo habari za Boston.

Sasa kaa vizuri, maana tunafika mwaka 1922, na mwaka huo una mambo mawili ya kuwekwa pamoja.

La kwanza. Kijana aitwaye Harry Thuku, aliyekuwa mhudumu wa simu serikalini, alianza kuwakusanya watu kulalamikia kodi, kipande na kulazimishwa kazi. Hakuwa na bunduki. Silaha yake ilikuwa mikutano na simu za maandishi alizopeleka London. Tarehe 14 Machi akakamatwa. Tarehe 16 umati ukajaa nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, Nyanjiru akiwemo. Wengine walihesabu zaidi ya hapo. Thuku akapelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, akakaa kizuizini hadi mwisho wa 1930.

La pili. Miezi michache baadaye London ilitoa pendekezo kwamba Wahindi wa Kenya, waliokuwa wengi kuliko Wazungu, waandikishwe kwenye daftari moja la wapiga kura pamoja nao. Masharti yalikuwa magumu kiasi kwamba Mhindi mmoja tu kati ya kumi ndiye angepita. Wazungu wakaanza mazoezi ya vita. Majenerali wastaafu, waliokuja Kenya kulima na kupumzika, wakapanga kuiteka reli, kukamata nyaya za simu na kumteka nyara Gavana, Sir Robert Coryndon. Walishamtafutia hadi pa kumweka: shamba la maili 60 hivi kutoka Nairobi, lililochaguliwa kwa kuwa lilikuwa na mto wenye samaki wazuri wa kuvua kwa ndoana, asije akachoka kukaa bure. Yote hayo, walisema, kwa ajili ya Mfalme.

Mheshimiwa, utauliza waasi hao walipewa adhabu gani. Walialikwa London kwa mazungumzo. Delamere akaongoza ujumbe wao.

Usiwaze kwamba Coryndon alikuwa mbumbumbu asiyejua. Njama hiyo ilizungumzwa vilabuni kama bei ya mahindi. Lakini polisi wa kumkamata mlowezi angetoka wapi, na mahakama ya kumhukumu ingekaa na wazee gani wa baraza, kama si walowezi wenyewe? Hapo ndipo udhaifu wako ulipo: umewapa bunduki na ardhi, na ukibishana nao huna mwingine wa kumtuma ila wao.

Julai 1923 mtangulizi wako, Duke wa Devonshire, akatoa waraka. Ukatangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao lazima yatangulie. Kwa hoja hiyo Wahindi wakanyimwa daftari la pamoja, wakapewa viti vitano. Wazungu wakabaki na viti vyao 11 na zile Nyanda za Juu, ardhi nzuri waliyotengewa wao peke yao. Waafrika, waliotangulizwa, wakawakilishwa na mmishonari mmoja. Kusema kweli sijaona waraka wa serikali uliompa mtu heshima kubwa hivyo na kumwacha mikono mitupu hivyo. Hata hivyo walowezi waliuchukia, na walikuwa na haki ya kuuchukia: lile neno la kuwatanguliza Waafrika lilikuwa limeandikwa, na lililoandikwa huja kusomwa na wengine.

Hiki ndicho kiini, na ukitaka uthibitisho nenda kokote kwenye ile ramani yako. Wamarekani wanakumbuka chai, lakini miaka kumi kabla ya chai, mwaka 1763, Mfalme alichora mpaka kwenye milima ya Appalachia, akakataza walowezi kuingia ardhi ya Wahindi Wekundu upande wa pili. George Washington, aliyekuwa na macho kwenye ardhi hiyohiyo, hakufurahi. Makaburu wa Rasi, kule Afrika Kusini, walifunga magari ya ng'ombe na kuhama miaka michache tu baada ya Uingereza kufuta utumwa mwaka 1834. Ugomvi hupamba moto siku serikali ya mbali inapokumbuka, hata kwa maneno tu, kwamba nyumba ina mtu wa tatu.

Kwa hiyo ukiwataka walowezi wakupende, usikumbuke. Lakini usipokumbuka mapema, utakumbushwa. Wa Kenya walikumbushwa na uasi wa Mau Mau, wakaandamana tena hadi kwa Gavana Januari 1953, na mwaka 1960, baada ya mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mlowezi Michael Blundell, aliyekubali Waafrika wawe wengi barazani, alitupiwa vipande thelathini vya fedha miguuni aliposhuka uwanja wa ndege Nairobi. Aliyevitupa alikuwa mlowezi mwenzake.

Na ile mikataba ya miaka 999? Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imesema asiye raia hatashika ardhi zaidi ya miaka 99. Ile ile waliyoikataa.