Gramu Saba za Ugomvi

Mwenye pesa haitaki, anayeitaka hana pesa, na asiye na hamu wala pesa ndiye anayekupangia bei. Hiyo ndiyo biashara ya sarafu ya dhahabu, kama nilivyoionja tangu shangazi yangu aliponikabidhi kazi ya kumuuzia rupia yake.

Na msiichanganye na zile rupia za fedha ambazo vijana wanakuonyesha pembeni kwa kunong'ona, nyingi zikiwa zimezaliwa juzi. Hii ni ya dhahabu, rupia 15, iliyogongwa Tabora mwaka 1916. Vita vimepamba moto, manowari za Waingereza zimeziba bahari, pesa kutoka Ujerumani haziji. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha pesa. Upande mmoja wakaweka tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kaiser. Zilitoka elfu 16 na ushee, kisha Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini na hadithi ikaishia hapo. Jinsi sarafu moja ilivyomfikia babu wa shangazi kuna simulizi tatu katika ukoo, zote za kishujaa. Hakuna hata moja inayokubali kwamba huenda mzee alilipwa tu.

Nilianza kwa sonara. Akaiweka kwenye mizani, akaisugua kwenye jiwe, akadondosha dawa, kisha akanitazama kama daktari aliyeshika majibu mabaya. "Karati 18," akasema. Hilo nalijua. Sarafu nzima ina gramu 7.168, robo yake si dhahabu, kwa hiyo dhahabu yenyewe ni gramu 5 na kitu. Hesabu ya darasa la tano. Lakini sonara hesabu yake haiishi haraka hivyo: akatoa ya kuyeyusha, akatoa ya upotevu, akatoa na ya "soko lilivyo siku hizi", ambayo sijaona ikijumlishwa hata siku moja.

"Na tembo je?" nikauliza.

"Tembo anayeyuka, kaka."

Kinachoniudhi ni kwamba dirishani kwake kuna pete ya karati hizohizo, na bei yake imebebeshwa ufundi, kodi ya pango na umeme wa zile taa zinazoimulika. Ukinunua, unalipia ufundi. Ukiuza, ufundi umefariki.

Habari zikasambaa mtaani, sijui kwa mdomo wa nani. Akaja mzee mmoja na mchele kwenye kimfuko cha nailoni, akataka kuona kama rupia yetu inavuta mchele. Haikuvuta. Akasema basi si ya Mjerumani wa kweli, akaniachia mchele wake ukiwa umemwagika kwenye mkeka, akaondoka na hasira kana kwamba mimi ndiye niliyemwita.

Jirani fundi cherehani akaja na simu. Ameiona sarafu kama yetu mtandaoni, imeandikiwa bei ambayo mtu angejenga nyumba na kubakiza ya gari. Tangu siku hiyo hanisalimii kwa jina, ananiita tajiri, na nauli ya mtoto wake kwenda shule naombwa mimi. Nimejaribu kumweleza kwamba kuandika bei si kuuza. Hata mswaki wangu naweza kuuandikia milioni mbili. Bei ya kuitazama ni ile ambayo mtu aliitoa mfukoni: minada ya sarafu ya Ulaya na Marekani hutangaza matokeo yake, na humo tembo wa Tabora mwenye hali nzuri huondoka kwa maelfu ya dola, mara kadhaa ya dhahabu aliyoibeba.

Mwenye hali nzuri, wamesema. Hapo ndipo shida ilipo.

Wenzetu hawa wana kampuni zinazoipa sarafu alama kuanzia 1 mpaka 70 na kuifungia kwenye plastiki, isiguswe tena na binadamu. Ya shangazi imeguswa. Iliungwa kipete ili itundikwe kwenye mkufu, ikaenda kila arusi ya ukoo, na kabla ya kila arusi ikasuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka tembo akabaki na sikio moja. Nilituma picha kwenye mnada mmoja. Jibu likaja la adabu sana: imevaliwa kama kidani, imesuguliwa, makadirio yanashuka. Chini yake orodha ya makato: dalali anakata kwa muuzaji, anakata na kwa mnunuzi, halafu bima, halafu usafirishaji.

Nikamsomea shangazi. Akavua miwani. "Imevaliwa? Dhahabu isipovaliwa ni ya nini, baba? Wao wanazipika?"

Mwishowe akapatikana mkusanyaji hapa hapa nchini, amekuja na kioo cha kukuzia na mizani yake mfukoni. Huyu anajua. Akaanza kwa kukagua pambo la kulia chini ya neno OSTAFRIKA, kwa sababu kuna ambazo pambo linaishia chini ya T na nyingine chini ya A. Ya kwetu, bila shaka, ilikuwa ile ya kawaida. Nina hakika ingekuwa nyingine, nayo ingekuwa ya kawaida. Lakini bei aliyotaja ilikuwa mara mbili ya ile ya sonara, na nilipotoa makato ya mnada kichwani niliona tofauti si kubwa. Nikakasirika zaidi. Mtu akikuibia unajua la kumwambia. Huyu alikuwa anakaribia haki na bado inauma.

Shangazi akatafakari, akanywa chai yake yote, akasema amekubali. Ila mkufu anabaki nao, na kile kipete kikatwe, abaki nacho pia, kwa kuwa alikilipia mwenyewe.

"Mama, ukikikata kitaacha kovu," mnunuzi akasema.

"Kikatwe."

Akashuka laki tatu palepale. Shangazi akapandisha laki tano. Nimewapa namba za simu, wapigiane.