Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Rais wa Chuo, kuhusu uwanja wake mzuri wa besiboli

Mheshimiwa Rais,

Niwie radhi kwa kukuandikia hadharani, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo ofisi yako itabidi imtafute mtu wa kuisoma. Kwa Kiingereza nimeshaandika, nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba barua imepokelewa.

Kwanza, hongera. Uwanja mpya wa besiboli umependeza mno. Nyasi bandia hazina kipara hata kimoja, vibanda vya wachezaji vina hita, vizimba vya kupigia mipira vina paa. Hata kichuguu anaposimama mrushaji kina turubai lake. Wingu likipita tu, hufunikwa kama mtoto mchanga.

Binti yangu, kwa hisani yako, ni mdakaji wa timu ya softiboli ya chuo hichohicho. Wao huchezea kwenye bustani ya manispaa, ng'ambo ya reli. Huko turubai ni sisi wazazi. Mvua ikikatika tunapiga magoti kwenye udongo na sponji za kuoshea magari, tunafyonza dimbwi la besi ya pili, tunakamua kwenye ndoo, tunaanza upya, huku refa akitazama saa yake. Nguo wasichana wanabadilishia ndani ya magari yetu, mataulo yamebanwa madirishani. Langu lina vioo vyeusi, kwa hiyo linagombewa.

Wewe ni msomi, Mheshimiwa, sina la kukufundisha. Nagusia tu kwamba sheria ya Marekani ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na ambayo Rais Nixon aliitia saini mwezi Juni 1972, ina kanuni za mwaka 1975 zinazotaja waziwazi vyumba vya kubadilishia nguo na viwanja vya mazoezi na vya mashindano. Huenda walioziandika hawakujua kwamba gari nalo ni chumba.

Msaidizi wako alinieleza, kwa upole ambao sitausahau, kwamba fedha za uwanja zilitolewa na mfadhili mpenda besiboli. Mola amzidishie. Tatizo ni kwamba Wizara ya Elimu ya Marekani haikubali udhuru huo, na si jambo la jana: mfadhili akiwajengea wavulana, ni juu ya chuo kuhakikisha wasichana nao wanapata huduma inayolingana, fedha zitoke popote zitakapotoka.

Nikaambiwa pia ardhi haitoshi. Hapo, Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kuhesabu. Kwenye besiboli, kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27 na ushei. Kwenye softiboli ni 18. Ukizidisha, mraba wa wasichana haufiki hata nusu ya ule wa wavulana. Uzio wa katikati kwa wavulana husogea hadi mita 120 hivi. Kwa wasichana 67 zinatosha. Nyuma ya maegesho ya wageni wako kuna kiwanja kinachoota magugu ambacho kingewatosha, na bado wageni wangepata pa kuegesha. Wala hatuombi kichuguu: mrushaji wa softiboli hurusha kwa mkono wa chini, kutoka mita 13, akiwa amesimama palepale tambarare.

Na kama ni watazamaji, mwaka 2021 fainali za softiboli za vyuo kule Oklahoma City zilitazamwa kwenye televisheni na watu wengi kuliko za besiboli kule Omaha. Nalitaja hili kwa unyenyekevu, nikijua wafadhili pia wana televisheni.

Ombi letu ni dogo. Tupatie chumba chenye mlango unaofungwa na bafu lenye maji ya moto kabla ya msimu ujao, na tarehe ya kuanza kujenga, iandikwe na kutiwa saini. Timu inacheza nyumbani Jumamosi, saa saba mchana. Tutafarijika sana ukifika. Ila njoo na kiti chako, na kama anga ni jeusi, sponji.

Wako mtiifu,
Mzazi wa mdakaji