Mbuzi wa Mombasa

Jumatatu

Vitumbua vya leo vimefungwa kwenye tangazo. Kuna makumbusho mjini yanatoa tuzo kwa wachoraji na wachongaji wa kisasa, wakazi wa Dar es Salaam tu, na mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa hii saa sita usiku. Panapotajwa kiasi cha fedha pana doa la mafuta. Nimeinua karatasi juani. Tarakimu ya kwanza ni 2 au 7, zinazofuata ni kitumbua.

Kazi ya kupeleka ninayo. Mwezi uliopita nilimchora mbuzi kwa ajili ya bucha moja ya huku Ukonga, hadibodi ya futi tatu kwa mbili, rangi ya mafuta ya kupakia mageti. Mwenye bucha aliitazama weee, halafu akasema huyu mbuzi ana huzuni, wateja watamwonea huruma waende wakanunue dagaa. Hakulipa. Nikabaki na ubao. Siku ambayo sikuwa na kazi nikamwekea Hiace chini ya kwato, akawa amesimama juu ya paa la daladala pale kituo cha Mombasa. Huzuni yake sikuigusa. Jina la picha ni "Mbuzi wa Mombasa".

Jumanne

Binti yangu ameipata fomu kwenye simu. Kurasa sita. Swali la 9: Je, kazi yako imewahi kuwekwa katika makumbusho yoyote? Taja ukumbi na muda. Nimeacha wazi. Swali la 11: Eleza falsafa yako ya kisanaa kwa maneno yasiyozidi 300. Nimejibu: "Nachora, na nadai nusu ya hela kabla." Binti amehesabu, akasema yamebaki maneno 293 na wenzangu watayatumia yote.

Basi nikamwingiza Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja kuchora Oysterbay kwenye hadibodi kwa rangi ya baiskeli, na hakuna aliyemuuliza falsafa. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Leo jina lake si la mtu tena, ni la aina ya picha; mtalii anaingia dukani anaomba "tingatinga mbili". Nikamalizia kwamba tofauti yetu ni ndogo, yeye alitumia rangi ya baiskeli, mimi natumia ya geti.

Binti akauliza kama hiyo ndiyo falsafa. Umeme ukakatika kabla sijajibu.

Jumatano

Fomu inataka picha ya kazi, ya rangi, nakala nne. Nimekwenda stesheneri ya Banana, nikamrushia kijana picha niliyopiga kwa simu, nikavuka barabara kunywa chai. Niliporudi mbuzi alikuwa tayari: pasipoti saizi, nakala nne, daladala imekatwa yote, nyuma kawekewa bluu. Masikio yote mawili yanaonekana.

"Si umesema nakala nne, anko?"

Nimelipa. Tukarudia kwa karatasi kubwa, wino mwekundu ukaisha kwenye printa, mbuzi akatoka wa kijani. Nimelipa tena. Nimebeba zote, na fomu tumeituma.

Jioni, wakati narekebisha anga, kuku wa jirani kakatiza juu ya picha. Nyayo saba, kutoka kona ya chini hadi kwenye tairi la mbele. Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani. Amesema hapo ndipo nilipochora vizuri.

Alhamisi

Wamepiga simu ofisi ya tuzo. Mama mmoja mwenye sauti ya upole.

"Baba, pole. Tuzo hii ni ya wakazi wa Dar es Salaam. Ninyi wa Mombasa mtafute huko huko Kenya."

Nikamweleza kwamba Mombasa ni kituo cha daladala. Kipo Ukonga, ukishapita Banana, kabla hujafika Gongo la Mboto. Kutoka Mombasa unapanda bajaji mpaka Moshi Bar, si mbali. Akanyamaza kidogo.

"Moshi ya Kilimanjaro?"

Tumekubaliana nilete barua ya serikali ya mtaa, pamoja na picha yenyewe ili waione.

Mwenyekiti alikuwa msibani. Mtendaji alikuwepo na muhuri ulikuwepo, pedi ndiyo ilikuwa imekauka. Nikasubiri dukani kwa Mangi. Kujipa moyo nikamsimulia habari za Sam Ntiro, mtu wa kwao Kilimanjaro, aliyechora wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliinunua picha hiyo. Mangi alisikiliza vizuri huku anapima sukari.

"Pombe yenyewe ilikuwa kiasi gani?"

Barua nimeipata saa kumi na moja. Inasema mwenye barua hii ni mkazi, anafahamika, na Mombasa anayoitaja ni ya hapa hapa. Mwisho imeandikwa: tafadhali asaidiwe.

Ijumaa

Konda amegoma kuweka picha chini kwa sababu inachukua miguu ya watu wawili, akagoma kuiweka juu kwa sababu haina kamba. Imekaa siti ya dirishani na nimeilipia nauli ya mtu mzima. Kuanzia Uwanja wa Ndege watu walikuwa wamesimama mpaka mlangoni, na wote waliona nani amekaa.

Getini mlinzi wa mchana alifungua daftari: jina, saa ya kuingia, ulichobeba. Akaitazama picha, akaandika "ubao 1". Sikubishana. Nilikumbuka tu kwamba kwa wasanii wa Nairobi mambo yalikuwa mepesi kidogo. Kituo chao cha sanaa, Kuona Trust, kilianzia ndani ya Makumbusho ya Taifa ya huko mwaka 1995, wakichorea humo humo, na mtu anayechorea ndani hana haja ya kupita getini na hadibodi.

Ofisini yule mama mpole alisoma barua ya mtaa mara mbili, akaiweka kwenye faili. Kuhusu ubao akasema samahani, kwa hatua hii wanahitaji picha ya picha tu. Nikatoa nilizonazo. Akamwita mwenzake, wakaiinamia ile ya kijani. Mwenzake akasema nimethubutu kwenye rangi. Wamechukua hiyo. Zile za pasipoti wamezibana na pini kwenye fomu, mahali pa picha ya mwombaji.

Kutoka, zamu ilikuwa imebadilika. Mlinzi mpya akafungua daftari.

"Uliingia na ubao. Hii ni picha."

Nikamwambia ndiyo ubao wenyewe.

"Ubao ni ubao, mzee wangu. Picha haitoki humu bila kibali."

Mwenye kibali alikuwa ameshaondoka, ni Ijumaa. Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia George Lilanga, ambaye kazi zake zimefika Ulaya na Marekani, alianza kama mlinzi pale Nyumba ya Sanaa, hapa hapa mjini, miaka ya 70. Usiku analinda, mwishowe wakaona anachonga. Mlinzi akafikiri.

"Na getini akabaki nani?"

Tumekubaliana picha ilale kwenye kibanda chake mpaka Jumatatu, kati ya mwavuli na jaba la maji. Kanipa risiti kwa mkono wake: "picha 1, ya mbuzi". Nimerudi Ukonga kwa nauli ya mtu mmoja.

Saa tatu usiku nimemwambia binti afungue tena fomu, swali la 9. Amejaza ndiyo, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Kwenye nafasi ya ukumbi tumeandika "Getini". Akagusa pa kutuma, bando likaisha, akakimbia kwa Mangi kununua vocha. Imekwenda saa sita kasoro dakika nne.

Saa saba simu imeita. Ni mlinzi. Namba yangu ameitoa kwenye daftari. Amesema picha iko salama ila ameigeuza iangalie ukuta, maana kila akiinua macho mbuzi anamtazama. Halafu akauliza kwani alifiwa na nani.