Tokeni Mkononi, Mlango Umefungwa

Kwa saa moja na dakika 58, chumba chetu cha kulala kiligeuka ukumbi wa mtihani. Mume wangu, mtumishi wa idara ya maji hapa Dar es Salaam, alikuwa anafanya GRE, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi vya Marekani kupima waombaji wa shahada za juu. Anataka kusomea uzamivu wa maji ya ardhini. Siku hizi mtihani huo unaruhusiwa kufanyiwa nyumbani, ila nyumba inapewa masharti. Ukae kwenye kiti na meza, si kitandani. Simu iwe mbali, masikio yawe wazi, karatasi ya kawaida ni marufuku. Unakokotolea kwenye ubao mdogo wa kufutika. Msimamizi anakutazama kupitia kamera ya kompyuta, na mtu mwingine akiingia chumbani mtihani unaweza kufutwa.

Tulijipanga kwelikweli. Mama mkwe aliwapeleka watoto kwa jirani, madirisha yakafungwa, maharage yakabandikwa kwenye mkaa uani ili jikoni kusiwe na kelele. Aliyebaki ni shemeji, aliyekuwa na harusi jioni ile. Alitoa pasi akanyoosha kanzu yake, kisha mashati ya wenzake waliokuwa wampitie. Mara mita ikaanza kulia. Kabla sijafika sebuleni feni ilikuwa imesimama. Luku imeisha.

Kununua umeme hakukunishinda. Nililipa kwa simu, tokeni ikaingia papo hapo, tarakimu zote 20. Lakini rimoti ya luku, inakoingizwa tokeni, tulikuwa tumeichomeka kwenye soketi ya chumbani, hatua mbili kutoka mgongoni kwa mtahiniwa.

“Shemeji, gonga tu akufungulie,” aliniambia, pasi bado iko mkononi.

“Sigongi. Wakisikia sauti yangu watasema namtajia majibu.”

“Basi mpitishie kikaratasi chini ya mlango.”

“Ndiyo kabisa. Akiinama kukiokota, mtihani umekwisha.”

Nikasimama pale mlangoni na simu mkononi. Mkono uliinuka kugonga, nikaushusha. Ndani palikuwa kimya, isipokuwa kipanya kikibofya.

Yaliyokuwa yakiendelea ndani alinisimulia baadaye. Intaneti haikukatika, kwa kuwa modemu yetu ina betri yake. Kompyuta ndiyo ilikuwa kuukuu. Alikuwa ameingia sehemu ya pili ya hesabu, maswali 15 kwa dakika 26, na betri ilisoma asilimia 14. Mtihani huu unakupangia ugumu wa sehemu ya pili kulingana na ulivyofanya ya kwanza. Alikuwa ameifanya vizuri ya kwanza, kwa hiyo maswali yaliyokuwa mbele yake ndiyo yale mazito yanayotaka utulivu. Jasho likidondokea ubao na kufuta namba alizoandika, aliacha kukokotoa. Jibu baya halipunguzi alama, basi maswali ya mwisho aliyabahatisha ili asiache pengo. Alipofungua mlango fulana ilikuwa imemganda mwilini. Alama zilionekana palepale kwenye skrini: hesabu 156, lugha 151, katika kipimo kinachoanzia 130 hadi 170. Alama ya insha huja baadaye.

Usiku ule kikao kikakaa. Mama mkwe alisema, “Wanangu, riziki mafungu saba. Kama imeandikwa aende, alama hizohizo zitampeleka.” Shemeji alirudi kutoka harusini mapema, akaahidi kulipia mtihani wa pili hata kwa kukopa. Baba mdogo alipiga simu kutoka Morogoro, akataka urudiwe wiki hiyohiyo. Hilo haliwezekani, maana kati ya mtihani na mtihani lazima zipite siku 21, na kwa miezi 12 huruhusiwi zaidi ya mara tano. Ada ni dola 220, zaidi ya nusu milioni ya shilingi, na fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya shule ya binti yetu.

Mume wangu alisikiliza wote, kisha akasema anarudia. Nilimuuliza mbele ya mama yake: “Baba watoto, unarudia kwa sababu uwezo wako unazidi alama hizi, au kwa sababu zimekuuma?” Hakunijibu, na nilimheshimu kwa kutojibu haraka.

Jibu tulilitafuta pamoja. Kwanza tulisoma masharti ya kila idara anayoiomba. Tangu janga la korona la mwaka 2020 idara nyingi zimeufuta mtihani huu au zimeuacha kuwa hiari, na kweli, katika orodha yake ni chache zilizobaki kuudai. Pili, alama hudumu miaka mitano, na mwombaji huchagua ni za mtihani upi zitumwe. Akirudia akashuka, za mwanzo anazo. Tatu, waandaaji hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo. Aliufanya mmoja mezani palepale, umeme ukiwa umejaa, nami nikakaa sebuleni na watoto. Hesabu zilipanda hadi 164. Lugha ilibaki 151.

Hapo nilikubali. Hesabu zilipotea kwa joto na betri, na hayo yanarekebishika. Lugha ni kiwango chake cha leo. Itapanda kwa kusoma miezi mingi, si kwa kulipia mtihani mwingine. Kama jaribio lile lingetoa 156 ileile, ningesimama na mama mkwe na kusema zitumwe hizohizo, kwa sababu nyumba yenye watoto haiwezi kutoa nusu milioni ili kutuliza uchungu wa mtu mmoja, hata akiwa yule ninayempenda. Lakini kumnyima mtu nafasi ya kuonyesha uwezo alionao, wakati kilichomkwamisha kimeshajulikana, nako ni dhuluma.

Ada ya shule tumelipa kwanza. Idara anazoziomba zinafunga maombi Desemba, kwa hiyo atarudia Novemba, nusu ya gharama akitoa shemeji. Betri mpya imenunuliwa, rimoti imehamia sebuleni, na kila usiku watoto wakilala anadurusu hesabu. Lugha tumekubaliana aisome taratibu, hata baada ya majibu kutoka.