Aliyefuata Mapacha

Kuna majina yanayotunza siri na kuna majina yenye umbea. Langu lina umbea. Nikilitamka mbele ya mtu wa Ngara, papo hapo ameshajua habari za uzazi wa mama yangu: kwamba alijifungua mapacha, na kwamba mimi ndiye niliyekuja baada yao. Naitwa Chiza. Kaka zangu ni Bukuru, aliyetangulia kutoka, na Butoyi, aliyechelewa dakika chache na hajazisamehe dakika hizo mpaka leo. Jina langu lilikuwepo kabla mimba yangu haijatungwa. Hakuna aliyenitazama usoni akamkumbuka babu. Lilikuwa kiti namba tatu ndani ya basi, nami nikakaa.

Silalamiki sana, maana ng'ambo ya mpaka Warundi wanaendelea na hesabu: Nyandwi ni wa saba, Minani wa nane, Bucumi wa kumi. Mama Bucumi apewe pole kwanza, hongera baadaye.

Ninalo jina la ubatizo pia, Deogratias. Ni Kilatini cha “Mungu ashukuriwe”, na Mrundi akitaka shukrani kama hizo husema Ndayishimiye, kama rais wake; ile “yi” ya katikati inamsimamia Mungu bila kumtaja. Mtakatifu mwenyewe alikuwa askofu wa Karthago, huko Afrika Kaskazini, aliyeuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa ili kuwakomboa mateka walioletwa kutoka Roma mwaka 455. Jina zuri, historia nzuri. Ila kwetu kila mtu analikata linakuwa Deo, shukrani zote zinadondoka, na mwalimu akiita Deo linasimama nusu ya darasa. Ndiyo maana nikabaki na Chiza.

Warundi huandika Ciza, Wanyarwanda Cyiza. Huku kwetu ni Chiza, kama lilivyoandikwa la Christopher Chiza wa Kakonko, aliyekuwa waziri wa kilimo. Kwa Kirundi ni kitu chema. Padri aliyenibatiza alikuwa amezoea kuandika kwa mkono wa Kirundi, akaandika Ciza. Karani wa shule, mtu wa Pwani, akaisoma ile c kama k, akapata Kiza. Akatafakari. Kiza ni neno la washairi, na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza mwenye makamasi, kwa hiyo akanipa la wananchi: Giza.

Giza likapanda nami madarasa yote hadi kwenye cheti, na kutoka kwenye cheti likaingia kwenye laini ya simu. Mtu akitaka kunitumia pesa hupiga kwanza. “Kaka, linakuja jina la Giza. Nitume?” Huyo ni mstaarabu. Mnunuzi mmoja wa maharage alighairi kabisa, akasema hela yake haiingii gizani hivi hivi. Nikamtumia picha ya kitambulisho. Hakusaidika, kwa sababu hapo karani mwingine alikuwa ameshughulikia mahali nilipozaliwa, Murukulazo, kata ambayo jina lake lina r moja na l moja, nazo kila zikifika ofisini hubadilishana viti. Mnunuzi akasoma: Giza wa Mulukurazo. Ni kweli, linatisha. Hata mimi nisingemlipa.

Nilipohamia Biharamulo nilipata mapumziko ya namna fulani. Mama mwenye nyumba alikuwa Msukuma, na hakuniuliza jina. Aliuliza, “Mwanangu, kwenu unafuata nani?” Nikasema nafuata mapacha. “Basi wewe Shija.” Yamekwisha. Kwao mapacha ni Kulwa na Doto, anayefuata ni Shija, na mambo ya vyeti hayamhusu. Mwenyekiti wa kitongoji alipokuja na karatasi ya Chiza, mtaa mzima ulimwapia kwamba hapo hakai mtu huyo.

Waganda nao humwita Kizza, na Wanyoro Kiiza. Hili nisingelijali kama Yanga isingemsajili Hamis Kiiza kutoka Uganda. Kijiweni wakaamua ni ndugu yangu. Sikukanusha, nilikunywa chai nyingi ya bure kwa mabao yake. Baadaye akavaa jezi ya Simba, nami nikawa msaliti bila kugusa mpira.

Yule mama mwenye nyumba alikuwa na binti. Nikamwoa. Mimba ya kwanza: mapacha.

Mama yangu akapanda basi kutoka Murukulazo na majina yake tayari, Bukuru na Butoyi. Mama mkwe alikuwa mlangoni na yake, Kulwa na Doto. Walivutana mpaka uji ukapoa. Mwishowe wazee wakaamua kila upande upate jina moja, kwa hiyo wa kwanza akawa Bukuru na wa pili Doto.

Siku ya kupima uzito, muuguzi alitazama kadi, akatazama watoto, akatazama kadi tena.

“Bukuru yupo. Doto yupo. Butoyi na Kulwa mmewaacha wapi?”

Mke wangu, foleni ikiwa imeshamchosha, akamjibu kwamba wamelala nyumbani.

“Waleteni Jumatatu,” muuguzi akasema, akavuta kadi mbili mpya na kuanza kuzijaza.