Sifa za Faili Linalovimba

Tanga imesifiwa kwa bahari yake na machungwa ya Muheza, lakini bado hajatokea wa kulisifu faili la home-assistant_v2.db. Mkazi wa Chumbageni, mjini humo, aliyefunga soketi janja, kihisi cha simtanki na swichi za feni, vyote vikiongozwa na Home Assistant kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, hulijua faili hilo kwa lawama tu: limejaza kadi ya memori, limezigandisha grafu, halishibi. Programu hiyo, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, huandika humo kila badiliko la nyumba kwa kutumia SQLite, kanzidata ileile iliyomo ndani ya simu zetu. Lawama ni za kweli. Ninachodai ni kwamba makosa hayo ndiyo fadhila zake, na kwamba hakuna mkazi mwingine wa nyumba hiyo anayefaa zaidi kuitwa shahidi.

Kosa la kwanza ni umbeya. Soketi inayopima umeme kila sekunde kumi, volti 229, volti 230, tena 229, inaweza kuandikisha mistari 8,640 kwa siku, na karibu yote haina wa kuisoma. Lakini shahidi anayechagua la kukumbuka ameshaihukumu kesi kabla haijasikilizwa. Friji ikianza kuunguruma usiku kucha, fundi atasema gesi, muuzaji atasema umeme mdogo, na mwenye nyumba atasema watoto wanaacha mlango wazi. Jedwali la states halina upande: lina muda wa kila kuwaka na kuzima, pamoja na volti za dakika hiyohiyo. Hata likinyamaza linatoa ushahidi. Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu tarehe 1 Aprili 2024, kompyuta ya aina hii isiyo na betri ingezimika pamoja na nyumba iliyokosa umeme, na pengo katika majedwali lingetosha kuonyesha giza lilianza lini na likaisha lini.

Ajabu ni kwamba wanaolilaumu faili kwa kukumbuka kupita kiasi ndio haohao wanaolilaumu kwa kusahau. Usipobadilisha mipangilio, kumbukumbu za kina hukaa siku 10 tu, kisha hufagiliwa saa kumi na dakika 12 alfajiri, watu wakiwa wamelala. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo. Kumbukumbu hizi angalau hukaa siku kumi. Hata hivyo kinachoondoka ni porojo: takwimu za kila saa, uniti zilizotumika zikiwemo, hubaki. Hapo mteja wa TANESCO wa daraja D1 ana faida yake. Hadi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Zikizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Luku humwambia uniti zilizobaki. Faili humwambia ni saa ngapi zilikwenda, na kama kila kifaa kina soketi yake inayopima, ni pampu au pasi iliyozila.

Mpinzani atasema: basi kwa nini halipungui hata likifagiliwa? Kwa sababu SQLite ikifuta mstari huiacha nafasi yake ndani ya faili ili itumike tena; kulikunja upya ni kazi nyingine, na inaweza kuhitaji nafasi tupu hadi mara mbili ya ukubwa wa faili lenyewe. Aliyesubiri hadi kadi ijae amechelewa. Dawa ni kuliuliza mapema, tena kwenye nakala, si kwenye faili linaloandikwa: unganisha states na states_meta, hesabu mistari ya kila kifaa, panga kuanzia mkubwa. Mara nyingi mkosaji ni kitu kama nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi; kiondoe kwenye orodha ya vinavyorekodiwa. Kumbuka tu kwamba muda humo ni wa UTC: saa kumi alfajiri ya faili ni saa moja asubuhi ya Chumbageni. Ni rahisi kumshuku mwizi asiyekuwepo kwa sababu ya tofauti hiyo ya saa tatu.

Pingamizi zito ni la faragha, na hapa sifa zangu zinapungua kasi. Faili linajua mlango ulifunguliwa lini na taa ya chumba gani iliwaka usiku wa manane. Ni kweli kwamba linayajua hayo ndani ya nyumba, tofauti na vifaa vingi vya bei nafuu vinavyopeleka habari zetu kwenye seva za ng'ambo. Lakini SQLite ya kawaida haina nywila. Anayeishika kadi ameishika siri, na anayeishika kwa kawaida ni baba au mama mwenye nyumba. Shahidi asiyechagua upande akimilikiwa na upande mmoja ni hatari kuliko mbeya yeyote wa mtaani. Kwa hiyo wapangaji, dada wa kazi na wageni wa kulala waambiwe kwamba lipo, na vihisi vya vyumba vya kulala visirekodiwe kabisa.