Embe Lililotutoa Mbio Alfajiri

Mashine ilisoma 21.6. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mwezi wa Desemba, maembe yamejaa Magu nzima, na mke wangu, Mama Kabula, alikuwa ameshika kidole changu kama aliyekamata mwizi. Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akaitazama tena. Kisha akawaita watoto mmoja baada ya mwingine, Kabula, Kulwa, Doto na Shija, waje washuhudie.

"Baba kala embe usiku," akasema Shija.

Huyu Shija ndiye kitindamimba wetu. Kwa Wasukuma anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, lakini nyumbani tunamwita Redio, kwa sababu habari ikimwingia sikioni haikai dakika tano bila kufika mtaa wa pili. Kabla sijafungua mdomo kujitetea, tayari alikuwa uani anamwambia mama wa jirani kwamba Baba kala maembe mengi usiku na sasa anakufa.

Ndugu yangu mwenye familia, nakuapia sikuwa nimekula. Lakini ili uelewe kwa nini hakuna aliyeniamini, inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Niliambiwa nina kisukari aina ya pili miaka mitatu iliyopita. Mtu wa hali yangu akipima asubuhi kabla ya kula, anatakiwa awe kati ya 4 na 7. Mimi nilianza na 14. Siku hiyohiyo Mama Kabula akajiteua kuwa Mkaguzi Mkuu, cheo ambacho hadi leo hakijapata mgombea mwingine. Sukari ikahamia kabatini, kabati likafungwa kufuli, ufunguo ukafungwa kwenye pindo la kanga. Ugali wangu ukaanza kupimwa kwa ngumi: ngumi moja, ya kwangu mwenyewe, siyo ya jirani. Nusu ya sahani mlenda au mchicha, pembeni kipande cha sato wa kuchemsha. Chai ya rangi, kavu. Soda tukaagana. Jioni natembea nusu saa kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, na Kulwa na Doto nyuma yangu kwa baiskeli moja, wametumwa wahakikishe sisimami kwenye kibanda cha vitumbua.

Nilitii. Narudia: nilitii. Kutoka kilo 91 nikashuka hadi 84, suruali zote zikapelekwa kwa fundi. Na vidonge vya metformini nilikuwa nameza asubuhi na jioni bila kuruka. Mwaka wa kwanza sukari ikashuka vizuri, nikawa nasoma 7, mara 6. Halafu, bila mimi kubadili kitu, ikaanza kupanda taratibu: 8, 9, 10, 11. Na kila ilipopanda, nyumbani walitafuta mkosaji, na mkosaji alikuwa mmoja tu. Mkaguzi akaanza kupekua mifuko ya mashati yangu kabla ya kufua. Siku moja alikuta risiti ya biskuti. Nilikuwa nimemnunulia Shija. Shija alipoulizwa, akasema hakumbuki.

Hapo bado sijakueleza habari za wakwe.

Mama mkwe wangu, Bibi Michembe, anakaa Kahangara, na hajawahi kuja kwetu mikono mitupu. Huja na mfuko wa michembe, mwingine wa matobolwa (viazi vilivyochemshwa kisha kukaushwa), na karanga za kupikia. Kwake yeye mkwe anayekonda ni aibu ya ukoo. Kumkatalia mama mkwe chakula alichokianika mwenyewe juani, na mimi ndiye mwenye binti yake, ni jambo gumu kuliko kidonge chochote. Nesi wa kliniki alinifafanulia vizuri: michembe ni kiazi kitamu kilichoondolewa maji tu. Wanga wote umebaki mlemle. Kikombe kimoja cha michembe kimebeba viazi ambavyo vikiwa vibichi visingeenea kwenye kikombe hicho. Nikamweleza Bibi Michembe hivyo, kwa heshima zote, nimeinamisha kichwa. Akasikiliza hadi mwisho. "Zamani tulikula hivi hivi na ugonjwa huo hatukuujua," akasema, akaongeza karanga.

Na hapo hakosei sana. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja kati ya watu 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta karibu mmoja kati ya kila watu 11 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Ila Bibi huyo wakati wa ujana wake alikuwa anakwenda na jembe shambani asubuhi na kurudi na kuni kichwani jioni, maji anayafuata kwa miguu. Mimi kazini nakaa kwenye kiti kwa saa nane.

Shemeji yangu naye, kaka wa Mama Kabula, ni Profesa wa Mizizi. Mwaka 2011, watu walipofurika Samunge kule Loliondo kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, yeye alikuwa miongoni mwao, na tangu hapo kila ugonjwa ana mti wake. Kwangu ameleta mlonge, ameleta magome, ameleta chupa ya kitu cheusi ambacho Mama Kabula alikimwaga nyuma ya choo. Nampenda shemeji yangu. Anakuja kwa baiskeli kilomita kadhaa kuleta magome hayo, haombi hata nauli. Lakini simezi kitu ambacho daktari wangu hakijui, na hilo nimemwambia mbele ya dada yake.

Turudi kwenye 21.6.

Nyumba nzima ilivaa. Bodaboda ikaitwa, mimi katikati, Mkaguzi nyuma ameshika daftari la kliniki, tukaenda mbio hospitali. Nesi wa zamu alikuwa dada mtulivu. Hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza, "Baba, mikono umenawa?"

Nikaitazama mikono yangu. Redio huamka na jogoo akidai embe, na alfajiri hiyo nilikuwa nimemmenyea mawili, nikajifuta kwenye taulo, nikakaa kupimwa. Vidole vilikuwa bado vinanata. Kwenye kona ya ukucha palikuwa na uzi wa njano wa embe. Nesi akanipeleka kwenye bomba, nikanawa kwa sabuni, nikakausha, akachoma kidole cha mkono mwingine. Mashine ikasoma 11.2.

Akatueleza kwamba tone la damu ni dogo sana, na utomvu kidogo tu wa tunda kwenye ngozi unatosha kuichanganya mashine. Siyo spiriti, siyo kufuta kwa kanga: maji, sabuni na kukausha. Mama Kabula alikaa kimya muda mrefu. Kisha akanishika mkono, mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi.

Lakini 11.2 nayo siyo namba ya kushangilia, na nesi alituambia hivyo waziwazi. Akatushauri tusitegemee kidole peke yake, tukapime kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Chembe nyekundu za damu huishi takribani siku 120, na sukari hujishika humo, kwa hiyo kipimo hicho hakijali jana ulikula nini. Wiki iliyofuata tukapanda haisi, Nyanguge, Kisesa, Igoma, hadi Mwanza mjini, kama kilomita 60. Majibu: asilimia 9.2. Wengi wetu tunalenga kuwa chini ya 7.

Daktari alikuwa mzee mwenye subira. Mama Kabula akamwuliza swali lililokuwa linamkaba miaka miwili: "Daktari, huyu anakula wapi?"

"Hali popote, mama. Sukari ya asubuhi anaitengeneza mwenyewe." Akachora ini kwenye karatasi. Akasema ini huhifadhi sukari na kuimwaga kwenye damu usiku na alfajiri ili mwili upate nguvu ya kuamka. Kwa mtu mzima wa afya insulini hulizuia lisizidishe. Kwangu insulini haisikilizwi vizuri, na kongosho linaloitengeneza linachoka mwaka hadi mwaka, hata kwa anayefuata masharti. Akatutajia utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza mwaka 1977: miaka mitatu baada ya kugundulika, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa tayari wanahitaji zaidi ya dawa moja. Kula vizuri na kutembea kumenisaidia sana, akasema, bila hivyo ningekuwa pabaya zaidi. Kilichobaki ni kazi ya dawa, na kuongezewa dawa siyo adhabu.

Sikujua kama nilikuwa nimebeba mzigo mzito hivyo hadi ulipotuliwa. Mama Kabula aliulizia kitambaa.

Profesa wa Mizizi, tulipomsimulia, alitaka kujua kama alau mti umetajwa. Umetajwa: metformini chimbuko lake ni utafiti juu ya mmea wa Ulaya uitwao galega, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akaandika matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa dawa hiyo. Shemeji alifurahi kama aliyeshinda kesi. Tukakubaliana: mti ni mzuri ukishapimwa na kujulikana dozi.

Nikaongezewa metformini, na juu yake gliklazaidi. Hii ya pili inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, ukatetemeka, ukatoka jasho, ukapoteza fahamu. Kwa hiyo siruki mlo, na natakiwa nitembee na sukari. Mkaguzi amefungua kufuli lake la kabati, amepima vijiko vitatu vya sukari kwenye kifuko cha nailoni, akakifunga fundo. Kila asubuhi ninapotoka ananisimamisha mlangoni na kunipekua mfuko wa shati, safari hii akihakikisha kifuko kimo. Redio ameshawatangazia majirani wote kwamba Baba akitetemeka wamlambishe.

Kama kwenu yupo anayejinyima na sukari yake haishuki, tafadhali msimhukumu. Mrudisheni kliniki akapime ya miezi mitatu, na mwende naye.

Bibi Michembe alikuja juzi. Alileta mifuko yake miwili ya siku zote, na wa tatu ulikuwa na nsansa, majani ya kunde makavu, akasema hayo ni ya mkwe. Leo asubuhi nimenawa kwa sabuni, nimekausha, nimepima: 7.3.